Barakoa Iliyonyamaza Mno

Vijana wangu mnaoanza kazi ya uuguzi, kila mkinikuta barazani mnaniuliza swali lile lile: Sista Rukia, barakoa gani ndiyo nzuri kwa mtu anayekatikiwa na pumzi usingizini? Mnauliza kana kwamba jibu ni jina moja, nilitaje mwende zenu. Basi leo kaeni. Jibu langu ni refu, na mnijue mapema kwamba mimi ni mtu wa kustuka. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikageuka rangi, na sijapata kuzoea. Wenzangu wodini walikuwa wakinicheka, wakisema Rukia akiona jipu huleta istighfari kwanza ndipo alitumbue. Ni kweli, wala sikatai.

Lakini wagonjwa wa usingizi ndio walionistua kuliko wote. Mtu wa ajali unaiona damu yake, unajua pa kuanzia. Huyu wa usingizi anakuja kwa miguu yake, kanzu imepigwa pasi, anakuamkia vizuri, anakaa, na kabla hujamaliza kuandika jina lake keshalala kwenye kiti.

Ugonjwa wenyewe mmeusoma darasani. Mimi nitausema kwa maneno ya nyumbani. Mtu akilala, koo linalegea na njia ya hewa inajifunga. Anakoroma, anakoroma, kisha kimya. Pumzi hakuna. Halafu mwili unastuka wenyewe, anavuta hewa kwa kishindo, anaanza tena kukoroma. Asubuhi hakumbuki lolote ila kwamba amechoka na kichwa kinamgonga. Hospitali humpa mashine ndogo inayopuliza hewa kupitia bomba hadi kwenye barakoa ya usoni, na hewa hiyo ndiyo inayozuia koo lisijifunge. Mashine haina ugomvi na mtu, yenyewe inakaa mezani. Barakoa ndiyo inayolala naye uso kwa uso mpaka alfajiri, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa wakaitupa chini ya kitanda.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Salim, fundi wa mashine za hospitali aliyekuwa akija kwetu kutoka Mombasa. Alikuwa mfupi, mcheshi, na hakusikiliza maoni ya mtu juu ya barakoa kama mtu huyo hajawahi kuivaa. Siku nilipomwomba anifundishe kuwachagulia wagonjwa, alinipa moja mkononi. "Vaa, Sista. Lala pale kitandani." Nilidhani anatania. Mchana kweupe, hospitalini, mimi na buibui langu? Akamwita muuguzi mwenzangu wa kike akae nami, akatoka akafunga mlango.

Nikaivaa. Nikakaza mikanda yote kwa nguvu zangu, nikidhani huo ndio ustadi. Mashine ilipowashwa, hewa ikanipanda machoni mpaka machozi yakanitoka. Nikakaza zaidi. Ikazidi kuvuja, tena sasa kwa mluzi. Nilistuka, nikadhani nimeharibu mali ya serikali. Bwana Salim akasema kutoka nje ya mlango, "Legeza, Sista! Ule mpira lazima uvimbe kidogo ndipo uukamate uso. Ukiubana, unakunjika, na kwenye mkunjo ndipo panapopita hewa."

Nikalegeza. Mluzi ukakoma. Hebu fikirieni, kitu kinachovuja unakilegeza ndipo kinaacha kuvuja! Mpaka leo jambo hilo linanishangaza.

Jioni ile nilirudi nyumbani kupitia vichochoro vya Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, alama mbili nyekundu zikiwa mashavuni na moja juu ya pua. Jirani yangu alinishika mkono kwenye kona ya msikiti, akanivuta kando. "Rukia, ni mumeo aliyekupija?" Nikamwambia ni mikanda ya barakoa ya kulalia. Aliniangalia kwa huruma nyingi zaidi, na kesho yake alinitumia sahani ya mkate wa sinia.

Basi kanuni ya kwanza ni hiyo, na ishikeni vizuri. Barakoa hujaribiwa mgonjwa akiwa amelala, mashine ikipuliza, kwa sababu uso wa mtu aliyekaa na uso wa mtu aliyelala ni nyuso mbili. Mashavu yanashuka, kidevu kinarudi nyuma. Mikanda unaivuta mwisho, kidogo kidogo, upande huu na upande huu, mpaka vidole viwili vipite chini yake bila kugombana.

Sasa nije kwa Nahodha Athmani wa Mbwajumali, kisiwani Pate, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Miaka michache kabla sijastaafu nilipanda boti ya abiria kwenda Mtangawanda, nina arusi Pate. Boti ilijaa, nikapata nafasi nyuma karibu na usukani. Nahodha alikuwa mtu wa makamo, mwili mkubwa, shingo nene, ndevu zake zimechanwa na kupakwa mafuta ya nazi. Alikuwa akiimba kaswida chini chini. Tulipoingia ile njia nyembamba yenye mikoko huku na huku, kaswida ikakatika. Nikageuka nimuulize kama amesahau maneno. Mkono wake uko kwenye usukani. Macho yako nusu wazi. Kidevu kiko kifuani.

"Nahodha amelala!" nikapiga kelele. Nilisikia sauti yangu mwenyewe nikaiogopa.

Hakuna aliyewahi kufanya kitu. Boti iliingia kwenye mikoko moja kwa moja, matawi yakatupiga usoni, kapu la mahamri la mama mmoja likaruka majini, watu wakaangukiana. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia zaidi ya uvimbe wa paji la uso. Na katikati ya vilio na shahada, nahodha akainua kichwa, akafuta mdomo, akauliza kwa upole kabisa, "Tumefika?"

Nimeona watu wakitolewa risasi, sikupata kustuka namna ile. Mtu alikuwa ameshika roho zetu zote mkononi na hakujua kwamba hakuwapo.

Wanaume waliruka majini kuisukuma boti. Mimi nikamsogelea. "Bwana Athmani, wewe hukoroma?" Kabla hajanijibu, kijana mmoja wa kijijini kwao akadakia, "Sista, huyu akilala, punda huhama mtaa!" Watu walicheka, hata wale waliokuwa wakilia. Yeye hakucheka. Nikamwandikia pale pale kikaratasi cha kwenda kumwona daktari wetu.

Boti ile ilikuwa ya ukoo wao, yeye na ndugu zake, na usukani alikabidhiwa na marehemu baba yake. Lakini wazee wa gati Mtangawanda walikutana baada ya sala ya Ijumaa wakasema neno moja: Athmani asishike tena usukani mpaka daktari aseme amepona. Mdogo wake akawekwa badala yake, na nahodha wetu akabaki kupokea mizigo na kuwashika mikono akina mama wanaposhuka. Alipokuja hospitalini alikuwa amesinyaa. "Sista, mimi huketi na magunia ya mtele kwenye boti yetu wenyewe," aliniambia. "Abiria hunitazama, kisha hutazama baharini. Nirudishia usukani wangu. Sitaki kitu changine."

Daktari alimpeleka Mombasa akapimwa usingizi wake. Majibu yalipokuja tukastuka sote: pumzi ilikuwa ikikatika usiku kucha. Akapewa mashine, na barakoa aliichagua mwenyewe, ile kubwa inayofunika pua na mdomo, kwa sababu aliiona imara. Wanaume wengi huchagua hivyo, wanataka kitu kizito. Mimi nikasema haya, tutaona.

Baada ya wiki kadhaa akarudi kwangu anatabasamu, amebeba mfuko. "Sista, ilikuwa yapija kelele na yavuja. Sasa haivuji hata kidogo. Tazama."

Akaitoa. Nikaishika, nikaigeuza, nikaketi chini kwenye sakafu.

Barakoa yoyote ile, wanangu, ina vitundu vidogo mbele yake. Hivyo vimewekwa makusudi. Pumzi chafu unayoitoa inatokea hapo ili usije ukaivuta tena. Bwana Athmani alikuwa amevikalafati. Nasema kweli tupu: alichukua pamba, akaisokota, akaipaka nta na shahamu kama wanavyoziba nyufa za jahazi, akaisukuma kwa kijiti kitundu baada ya kitundu, kazi safi kabisa. Fundi wa majahazi wa Matondoni angemsifu.

"Bwana Athmani!" nikasema. "Ulitaka kujiua?"

Akastuka yeye sasa. "Kujiua vipi? Sista, mimi nimezawa chomboni. Tundu likipitisha, huzibwa!"

Nilimweleza. Alikuwa akikivaa hicho kitu, anazungusha pumzi yake mwenyewe ndani kama mtu aliyefunikwa mtungi. Kilichomwokoa, nilivyodhani siku ile, ni kwamba kila alipoivaa aliinyofoa usingizini bila kujijua. Asubuhi anaikuta sakafuni na kichwa kinampasuka, anafikiri ni uchovu. Nilimkaripia kama ninavyowakaripia nyinyi, ingawa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa hivyo mgonjwa akikwambia barakoa inapiga kelele, muulize kelele ya wapi. Upepo mwembamba wa mbele, kwenye vitundu, hiyo ni haki yake. Mluzi wa pembeni, kwenye shavu au chini ya jicho, hapo ndipo inapovuja. Na mwambie asizibe chochote, aapishwe ikibidi.

Nilidhani hilo ndilo la mwisho la kunistua katika barakoa, kumbe. Mwezi ule ule alikuja bibi mmoja wa mjini akilalamika barakoa ya mumewe imekuwa ngumu na haishiki uso. Nikaivuta karibu niikague, nikapigwa na harufu ya udi. Bibi wa watu alikuwa akiifukiza kila jioni, anaitundika juu ya chetezo pamoja na kanzu ya mume na shuka za kulalia, kwa sababu nyumbani kwao kitu kinachoingia kitandani hakiingii bila kufukizwa. Ule mpira laini ulikuwa umekauka kwa moshi na moto. Ningesema nini? Mtu anampenda mumewe. Nikamwambia udi afukize kanzu, barakoa aioshe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na mafuta, aianike kivulini. Alinitazama kama aliyeambiwa amkaribishe mgeni bila kumpa maji.

Kwa Nahodha Athmani nikaanza upya, na safari hii nikamuuliza maswali ambayo nyinyi mtakuwa mkiyauliza kabla ya kufungua kasha lolote. Hulala chali au ubavu? Ubavu, wa kulia, kama alivyofundishwa. Pua hupitisha? Hupitisha. Akilala, mdomo hufunguka? Hapo hakujua, nikasema tutaona. Ndevu? Nilikuwa naziona mwenyewe. Kuna mtu alikuwa amemshauri azinyoe ili barakoa ishike, naye alikuwa amekasirika mpaka akataka kuirudisha mashine. Sikilizeni, mkimwambia mzee wa Pate anyoe ndevu kwa ajili ya kipande cha mpira, mgonjwa huyo mmeshampoteza. Mchagulieni barakoa isiyogusa ndevu.

Siku hizi zipo. Zamani zilikuwa madubwana makubwa yenye chuma cha kuegemea paji la uso, mtu akiyavaa watoto wanakimbia. Sasa kuna zile ndogo, vipira viwili tu vinavyokaa kwenye matundu ya pua, na vitundu vyake vya kutolea pumzi ni vyembamba mno hata upepo wake husikii. Nilizipenda siku ya kwanza nilipoziona. Kazi ni kupata saizi: kikiwa kidogo kitachoma, kikiwa kikubwa kitateleza. Na yale mafuta ya nazi nikamwomba ayapake asubuhi, jioni aoshe uso, maana mpira na mafuta havikai pamoja.

Sikutaka kumjaribu kwenye kitanda cha hospitali chenye mto wa plastiki. Nikafunga safari mpaka Mbwajumali, nyumbani kwake, kitandani kwake, upande wake. Mkewe, Bi Mwanaisha, alinipokea vizuri mno. Alikuwa mwembamba, mpole, macho yamezama ndani na yana weusi chini yake. Nikasema moyoni mwangu huyu naye anahitaji kupimwa damu. Alinilisha wali wa nazi na samaki mpaka nikashindwa kuinuka.

Baada ya adhuhuri Bwana Athmani akalala ubavu wake wa kulia. Nikamvalisha. Bomba nililipitisha juu ya kichwa na kulifunga kwenye kamba ya chandarua, lisimvute akigeuka. Nikawasha mashine, nikalegeza huku, nikavuta kidogo kule, nikaweka kiganja changu kando ya pua yake kutafuta upepo unaopotea. Hakuna. Nikatega sikio. Hakuna. Mdomo ulibaki umefungwa. Muda si muda akalala, na chumba kizima kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wakiparura uwani. Nilifurahi, nikatoka taratibu kwenda kunawa mikono.

Nikiwa kwenye maji nikasikia kikombe kikivunjika, kisha ukelele ambao sitausahau.

"Athmani! Athmani! La ilaha illallah, Athmani ufie!"

Nilikimbia na mikono inadondosha maji, maana ufie kwao ni amekufa. Bi Mwanaisha alikuwa juu ya kitanda, kahawa imemwagika mkekani, amemshika mumewe kwa mabega anamtikisa, barakoa ameshaing'oa, bomba linaning'inia kwenye chandarua linapuliza hewa. Majirani wakaingia. Bibi mmoja alikuwa keshaanza kusema inna lillahi. Na maiti akaketi, akawaangalia watu wote waliojaa chumbani mwake, akauliza, "Nani ufie?"

Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango. Wengine walicheka, wengine walimpigia Bi Mwanaisha makofi ya dhihaka. Lakini nilimtazama usoni. Hakuwa na aibu ya mtu aliyekosea. Alikuwa na hofu halisi, na ilikuwa hofu aliyoizoea.

Majirani walipotoka nikakaa naye uwani, mumewe akiwa ameegemea nguzo karibu yetu. "Bi Mwanaisha," nikasema, "jambo hili ni la leo tu?"

Akainama. "Kula usiku, Sista."

"Kila usiku unamwamsha?"

"Hukiondoa kile kitu, humtikisa. Akivuta pumuzi, humrudishia. Kisha hunyamaza tena, nami huogopa tena."

Bwana Athmani akageuka. "Weye? Mimi nalidhani ni mashine yaniamsha!"

"Ni mimi," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Sista, tangu nilipoolewa nilifahamu. Huyu akikoroma yu hai. Akinyamaza, pumuzi imekwenda. Mimi hulala akikoroma. Akinyamaza tu, mato yangu yafunguka yenyewe, humpija kiwiko, huvuta pumuzi, nami hulala tena kidogo. Miaka yote ndivyo nilivyomweka hai. Sasa mwamvisha mume wangu kitu cha kumnyamazisha usiku kucha. Nitalala vipi, na masikio yangu yaniambia nina maiti kitandani?"

Wanangu, nilisikia baridi mwilini na jua lote lile la Mbwajumali. Mtu huyu, bila darasa wala daktari, alikuwa ameujua ugonjwa wa mumewe kabla yetu sote. Kimya ndicho kilichokuwa dalili, na alikuwa sahihi. Kwa miaka yote ya ndoa yao mashine ya kumpumulisha Athmani ilikuwa kiwiko cha mkewe, na hakumwambia mtu, hata Athmani mwenyewe. Nikaelewa yale macho yaliyozama, na mkono wa nani uliokuwa ukiinyofoa ile barakoa ya kwanza usiku. Nilikuwa nikitafuta barakoa tulivu kuliko zote, nikaipata, nikaileta mpaka kitandani kwa mtu ambaye utulivu ulikuwa ukimtia kichaa.

Bwana Athmani aliinua mkono akaushusha. Mwishowe akasema, "Mwanaisha, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mimi hulala na hofu? Weye ulikuwa nahodha."

Nikawarudisha chumbani. Nikamvalisha mume barakoa ile ile, na safari hii nikamweka mke kando yake, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya tumbo la mumewe. "Usisikilize," nikamwambia. "Masikio yako yapumzishe. Shika tu." Bwana Athmani alilala. Kimya kikaja. Niliona bega la Bi Mwanaisha likikaza, kiwiko kinataka kwenda, nikamshika. "Bado. Shika. Tumbo linafanya nini?"

"Lapanda."

"Sasa?"

"Lashuka." Akangoja. "Lapanda tena." Alinitazama amefumbua macho kwa mshangao. "Sista, halikomi!"

"Halikomi," nikasema. Alikaa vile mkono ukiwa juu ya tumbo la mumewe mpaka ikaadhiniwa alasiri, analia bila sauti, na mimi nikilia naye. Ndipo nilipojua kwamba katika ndoa yake hakuwahi kukaa karibu na mtu huyo amelala akaisikia pumzi yake ikienda bila kukatika.

Haikuisha siku ile. Wiki za kwanza alinipigia simu mara kwa mara. Kuna siku alimwamsha mara moja tu, kuna siku hakumwamsha kabisa akaona aibu kuniambia, kana kwamba amemwacha kazini peke yake. Umeme ukikatika aliogopa upya, ikabidi watafute betri. Bwana Athmani naye akaanza kuamka na mwili mwepesi, akaacha kusinzia kwenye darsa msikitini, imamu akauliza kama amebadilisha mahali pa kukaa. Akarudi kupimwa. Daktari akaridhika na majibu, akamwandikia barua, na wazee wa gati wakaisoma wakapeana mikono naye.

Kwa hivyo mkiniuliza barakoa gani ni nzuri, nami nawauliza: mgonjwa analala na nani? Mwiteni huyo wa pili. Mkalisheni kwenye kiti, mumsikilize hata kama hakuandikiwa kuja. Nyinyi mna haraka, mna simu mikononi, mnataka nambari ya saizi. Saizi ya pua mtaipata kwa kipimo cha karatasi. Hofu ya mtu aliye upande wa pili wa mto haina kipimo, itabidi muulize kwa mdomo.

Niliwatembelea tena siku chache baada ya usukani kurudi, na asubuhi ya kuondoka Bi Mwanaisha akatoka na buibui lake na kapu. "Naenda Amu nawe," akasema. Mumewe alisimama pale gatini akamwangalia. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba mkewe alikuwa hajapanda boti ile kwa miaka mingi. Wengine walidhani anaogopa bahari. Alikuwa akijua anachokijua juu ya nahodha, na akanyamaza kwa heshima yake.

Alikaa kando yangu, mgongo umenyooka, kapu magotini, macho hayabanduki usoni kwa mumewe. Bwana Athmani alikuwa macho kabisa, anawasalimu watu wa kila boti tuliyopishana nayo. Tulikwenda. Nikawa nazungumza na mama wa upande wa pili habari za bei ya nazi, mara nikahisi uzito begani. Nikageuka. Kichwa cha Bi Mwanaisha kilikuwa kimeniegemea, kapu limeteleza miguuni, mdomo wazi, naye anakoroma. Yule mwembamba, mpole! Alikuwa akikoroma mpaka watu wa mbele wakageuka. Nilistuka, nikataka kumwamsha kwa aibu ya watu.

Nahodha alitikisa kichwa kunikataza. Akanyoosha mkono akapunguza mashine ya boti, akaipunguza tena, mpaka tukawa tunatambaa.

"Nahodha, vipi?" abiria mmoja akalalamika. "Maji yakupwa, tutachelewa!"

"Tutachelewa," akasema Bwana Athmani kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa mbele kwenye njia. "Mke wangu ulele."